Daktari na Mfamasia Wanajibu: Vidonge vya Presha

Barua za presha zimekuwa nyingi, na nyingi zina kasoro ileile: mwandishi anataja "dawa ya presha" halafu basi. Kidonge kinachovimbisha miguu sicho kinacholeta kikohozi, na kinachomfaa babu kinaweza kumuua mtoto aliye tumboni. Ukituandikia, chukua pakiti unakili jina la dawa yenyewe, lile la herufi ndogo chini ya jina la kibiashara, pamoja na miligramu zake.

Miguu imevimba, Lasix haisaidii

*Habari za kazi wanangu. Nina miaka 58, niko Tanga. Nilikuwa natumia amlodipini ya 5 mg, wakaniongezea ikawa 10 mg. Presha imetulia lakini ikifika jioni viatu haviingii. Kijana wa duka la dawa akanipa Lasix nimeze kila asubuhi. Nakojoa sana, miguu iko vilevile. Figo zimeharibika?*

Shikamoo mama. Kwa maelezo yako, wa kwanza kushukiwa ni amlodipini yenyewe. Dawa hii hutanua mishipa midogo inayopeleka damu, lakini ile inayoirudisha haitanuki kwa kiasi hicho. Damu inaingia miguuni kwa nguvu kuliko inavyotoka, majimaji yanachujika nje ya mishipa na kukaa kwenye nyama za vifundo. Mwili haujaongeza maji; maji yamehama mahali tu. Ndiyo maana Lasix inakukojoza bila kugusa uvimbe, na kila mkojo unaondoka na potasiamu. Potasiamu ikishuka sana, misuli hulegea au kukaza, na mapigo ya moyo huvurugika. Kwa kuwa hukuandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo wala figo, Lasix hiyo huna kazi nayo.

Jipime hivi jioni: bonyeza kidole gumba kwenye ugoko, juu kidogo ya kifundo, hesabu hadi kumi, kisha achia. Shimo litabaki. Uvimbe wa amlodipini huwa miguu yote miwili kwa kiasi sawa, hupungua ukiamka, na huzidi dozi ikipanda kutoka 5 kwenda 10 mg, hasa kwa wanawake. Mguu mmoja tu ukivimba, ukawa na joto na kuuma, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Miguu yote ikivimba na unakosa pumzi ukilala chali, ni moyo wa kuangaliwa. Uso unaovimba asubuhi na mkojo wenye povu ndio unaotupeleka kwenye figo.

Mwombe daktari akurudishe kwenye 5 mg na kukuongezea losartani 50 mg. Losartani hutanua ule upande wa kurudisha damu, kwa hiyo inashusha presha na kupunguza uvimbe kwa pamoja. Kabla ya kuianza, damu ipimwe kreatinini (inayoonyesha hali ya figo) na potasiamu, na irudiwe baada ya wiki mbili hivi. Uvimbe nao uupe wiki moja au mbili.

Kikohozi kisichosikia dawa

*Shikamoo daktari. Ni dereva wa lori, Dodoma, miaka 44. Nilianza lisinoprili 10 mg miezi miwili iliyopita. Nakohoa kikohozi kikavu, koo linawasha, usiku silali. Nimemaliza chupa tatu za dawa ya kikohozi, na antibayotiki juu. Sasa nimeambiwa nihamie enalaprili.*

Marahaba. Enalaprili itakutoa chumba kimoja na kukupeleka kingine cha nyumba ileile. Dawa zote za kundi hili majina yake yanaishia na -prili: kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, perindoprili, ramiprili. Zote huzuia kimeng'enya kimoja, na kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja kemikali iitwayo bradikinini. Bradikinini ikijaa kwenye njia ya hewa, koo linawasha na mtu anakohoa. Sirapu haiigusi. (Kundi hili, kwa anayependa kujua, lilianzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazili anayeitwa jararaca, ambaye akikuuma presha inaporomoka. Kaptoprili iliruhusiwa Marekani mwaka 1981.)

Omba losartani 50 mg, isiyohusika na bradikinini. Kikohozi huisha ndani ya wiki moja hadi nne, mara chache hufika miezi mitatu, kwa hiyo usiilaumu losartani siku ya tano. Na kwa kuwa umeshakohoa zaidi ya wiki mbili, upimwe kifua kikuu hata kama jibu la kidonge linaonekana wazi.

Kuna jambo zito zaidi. Dawa za -prili zinaweza kuvimbisha midomo, ulimi au koo ghafla, na hilo huwapata watu weusi zaidi kuliko Wazungu. Uvimbe huo hauwashi wala hauleti vipele, na unaweza kuja hata baada ya miaka ya kumeza dawa bila tatizo. Ukiuona, usimeze kidonge kingine, kimbilia hospitali. Aliyewahi kuupata asipewe -prili yoyote maisha yake yote, na hilo liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki.

Mashine inasema 124/78. Niache?

*Mimi ni mwalimu, Mwanza. Natumia amlodipini 5 mg na haidroklorothiazidi 12.5 mg. Nyumbani napata 124/78, mke wangu anasema nimepona. Lakini kliniki wiki iliyopita walipata 152/94. Nani mkweli?*

Hiyo 124/78 ni presha yako ikiwa na dawa ndani. Ukiacha, amlodipini inabaki mwilini siku kadhaa, unajiona mzima, kisha namba zinapanda polepole bila kukuuma popote. Wapo wanaopunguziwa dozi kweli: aliyepungua uzito sana, aliyeacha pombe, au ambaye presha yake inashuka mpaka anaona kizunguzungu akisimama. Hupunguziwa hatua kwa hatua huku wakipimwa. Anayetumia atenololi au propranololi awe mwangalifu zaidi, kwani kuzikata ghafla hufanya moyo uende mbio, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio.

Kuhusu nani mkweli, tuanze na jinsi ya kupima. Kojoa kwanza. Kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, nyayo chini, usikunje nne, usiongee. Mkono uwe wazi, si juu ya shati, ukilala mezani usawa wa moyo. Ukining'inia, namba zinapanda. Ukingo wa kitambaa cha mashine ukae vidole viwili juu ya kunjo la kiwiko. Pima mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi kabla ya kidonge na jioni, siku saba. Tupa namba za siku ya kwanza, zilizobaki tafuta wastani. Kwa kipimo cha nyumbani, presha ya juu huanzia 135/85. Kliniki ni 140/90.

Kosa ambalo mashine nzuri haiwezi kulirekebisha ni ukubwa wa kitambaa. Kile cha kawaida hutoshea mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene ukibanwa na kitambaa kidogo hutoa presha ambayo mtu hana, na kuna watu wanameza vidonge vya ziada kwa sababu hiyo tu. Pima mkono wako kwa futi ya fundi cherehani. Halafu nenda na mashine yako kliniki, ipimwe sambamba na yao.

Kapsuli chini ya ulimi

*Jirani yangu alikutwa na 190/110 kwenye duka la dawa. Hakuwa anaumwa chochote. Wakatoboa kapsuli ya nifedipini wakamdondoshea chini ya ulimi. Baada ya nusu saa alilegea akaanguka. Ni Morogoro.*

Zoezi hili lingekuwa limekufa zamani. Mwaka 1996 JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, lilichapisha makala iliyohoji kama zoezi hili lisitishwe, kwa sababu watu walipata kiharusi na mshtuko wa moyo mara tu baada ya "kushushwa presha". Ubongo uliozoea msukumo mkubwa kwa miaka ukiondolewa msukumo huo kwa dakika kumi, damu haiufikii ya kutosha. Tena dawa yenyewe hainyonywi chini ya ulimi. Inamezwa na mate, na hakuna awezaye kukadiria itashusha kiasi gani. Hatari ni hiyohiyo ukitafuna au kuponda nifedipini ya 20 mg ya kutoa dawa polepole: dozi ya saa nyingi inamwagika kwa pamoja.

Mwenye 190/110 asiye na dalili aketi, apimwe tena baada ya dakika tano na tena baadaye. Kama alisahau vidonge vyake, ameze dozi yake ya kawaida tu. Amwone daktari siku hiyo au kesho yake, dawa zipangwe upya, na presha ishuke kwa siku na wiki. Kama ana maumivu ya kifua, anakosa pumzi, upande mmoja umelegea, maneno hayatoki vizuri, haoni sawasawa, amechanganyikiwa, ana degedege au kichwa kinamuuma kupita kawaida, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Njiani asipewe chochote.

Kumeza dawa wakati wa Ramadhani

*Asalaam alaykum. Niko Pemba, miaka 61. Natumia amlodipini 10 mg asubuhi, bendroflumethiazidi 2.5 mg asubuhi, na enalaprili 10 mg mara mbili. Nifanyeje nikifunga?*

Waalaykum salaam, mzee wetu. Amlodipini ndiyo rahisi kuliko zote: inakaa mwilini zaidi ya saa 24, imeze wakati wa futari kila siku. Enalaprili iwe futari na daku. Bendroflumethiazidi ndiyo ya kuhamishwa kwa makini. Ni dawa ya kukojoza. Ukiimeza daku itatoa maji asubuhi nzima wakati huruhusiwi kuyarudisha, na ifikapo alasiri utaona kizunguzungu. Iende kwenye futari, na kati ya futari na daku unywe maji ya kutosha. Kama kreatinini yako iko juu au unatumia Lasix kwa ajili ya moyo, mwone daktari wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, maana huenda akakushauri usifunge.

Meza ya futari nayo iangaliwe. Ng'onda, sambusa na mchuzi wa vidonge vya supu vina chumvi ya kumaliza kazi ya kidonge kizima. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isifike gramu 5 kwa siku, takribani kijiko kimoja cha chai. Tende na madafu havina tatizo kwa mwenye figo nzima. Lakini mwenye figo mbovu anayetumia enalaprili, losartani au spironolaktoni apunguze, kwani vina potasiamu nyingi na dawa hizo huizuia isitoke.

Kitandani mambo si mazuri

*Sitaki kutaja mji. Miaka 49, atenololi 50 mg na haidroklorothiazidi 25 mg. Tangu nianze, nguvu zimepungua. Nimeacha dawa wiki moja sasa. Rafiki kanipa vumbi la Kongo.*

Ndugu yetu, umeuliza swali ambalo wanaume wengi hulimaliza kimyakimya kwa kutupa vidonge. Rudi kwa daktari leo, hasa kwa kuwa umekata atenololi ghafla. Presha yenyewe huziba na kukakamaza mishipa ya uume, kwa hiyo kuacha dawa kunaongeza tatizo. Hata hivyo, lalamiko lako lina msingi: atenololi na dawa za kukojoza, kama hiyo haidroklorothiazidi yako, ndizo zinazolaumiwa zaidi kwa jambo hili, na amlodipini na losartani ni nadra. Kama huna ugonjwa wa moyo unaodai atenololi, inaweza kupunguzwa taratibu na nafasi yake kuchukuliwa. Mwambie daktari sababu halisi, usiseme "dawa inanikataa" tu, maana atakubadilishia nyingine ya kundi lilelile. Omba na kipimo cha sukari.

Vumbi hilo liache. Dawa za nguvu zinazouzwa kama za asili zimekutwa mara nyingi, katika nchi mbalimbali, zimechanganywa na sildenafili (dawa iliyo ndani ya Viagra) bila kuandikwa. Sildenafili inaweza kutumiwa na wagonjwa wengi wa presha, ikiandikwa na daktari na kuanza na dozi ndogo. Anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua, kama isosobidi, haruhusiwi kabisa: presha huanguka ghafla na mtu anaweza kufa.

Natumia losartani, hedhi imepita

*Shikamoo. Nina miaka 33, Nairobi. Losartani 50 mg kwa miaka miwili. Nimepima, nina mimba ya kama wiki saba. Niendelee?*

Marahaba mwanetu. Hapana. Hapa ndipo tunapomwambia mtu aache kidonge, na aende kliniki siku hiyohiyo apewe kingine. Losartani na jamaa zake zote za -sartani, pamoja na -prili zote, huharibu figo za mtoto, hupunguza maji ya uzazi na zinaweza kumuua, hasa kuanzia mwezi wa nne. Kwa kuwa umegundua mapema, usikae na hofu, badilisha tu.

Zinazotumika ni methildopa, maarufu kama Aldomet, kwa kawaida 250 mg mara mbili au tatu kwa siku kisha hupandishwa. Nifedipini ya kutoa dawa polepole. Na labetaloli, ambayo haimfai mwenye pumu. Methildopa husinzisha siku za mwanzo. Kwa kuwa ulikuwa na presha kabla ya mimba, uko kwenye kundi la hatari ya kifafa cha mimba, hivyo uliza kuhusu aspirini ya dozi ndogo, ambayo huanzwa kuanzia wiki ya 12, na vidonge vya kalsiamu. Kichwa kuuma sana, kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia: usisubiri tarehe ya kliniki. Ukijifungua, methildopa huondolewa kwa sababu inaweza kuzidisha huzuni ya baada ya uzazi. Enalaprili inakubalika kwa anayenyonyesha.

Dada aliye na umri wa kuzaa na anaanzishiwa losartani aulizwe kwanza kuhusu uzazi wa mpango. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili navyo hupandisha presha, kwa hiyo vya homoni moja, kipandikizi au kitanzi ni bora.

Magoti na diklofenaki

*Bibi yangu, miaka 70, Bukoba. Losartani na haidroklorothiazidi. Presha ilikuwa nzuri, sasa ni 165/90. Anachoma sindano za diklofenaki kila wiki kwa ajili ya magoti.*

Umeshalijibu swali lako. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hufanya figo zishike chumvi na maji, na hudhoofisha losartani na dawa ya kukojoza. Mbaya zaidi ni zote tatu zikikutana kwa mzee: figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache, na akiongezea kuhara au kutapika hali inaharakishwa. Sindano si salama kuliko kidonge. Atulize maumivu kwa parasetamoli ya 500 mg, viwili kila anapomeza, visizidi vinane kwa saa 24, na akiwa mwembamba sana au ana ini bovu apunguze. Isiwe ile inayoyeyuka kwa povu kwenye maji, kwani kila kidonge kina takribani 400 mg za sodiamu. Vitano tu vinamaliza kiwango cha siku nzima. Diklofenaki ya kupaka gotini inakubalika, ni kiasi kidogo tu kinachoingia kwenye damu. Apimwe kreatinini wiki hii.

Kwa kifupi

*Kwa nini nimeanzishiwa dawa mbili kwa mpigo? (Nakuru)* Kwa sababu kuongeza kidonge kimoja maradufu hakushushi presha maradufu, madhara ndiyo yanayopanda. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanywa kwa wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha kuwa amlodipini pamoja na haidroklorothiazidi, au amlodipini pamoja na perindoprili, hushusha vizuri zaidi kuliko perindoprili na haidroklorothiazidi. Ukipata zote mbili ndani ya kidonge kimoja, chukua hicho.

*Nina ualbino, nimepewa haidroklorothiazidi.* Omba ibadilishwe. Huifanya ngozi iungue na jua haraka, na matumizi ya muda mrefu yamehusishwa na saratani za ngozi kwa watu wenye ngozi nyeupe. Amlodipini haina tatizo hilo.

*Rosela na kitunguu saumu vinatosha?* Rosela isiyo na sukari hushusha kidogo. Kunywa pamoja na kidonge. Mirungi hupandisha.

*Natumia ARV zenye dolutegraviri, na amlodipini.* Hazigombani. Ukianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, mambo hubadilika: ini linaisaga amlodipini, nifedipini na losartani haraka, na presha inapanda ingawa unameza vizuri. Dozi za presha hupandishwa kwa miezi hiyo, na ni lazima zishushwe rifampisini ikiisha. Wengi husahau hatua hii ya pili, na mgonjwa anaanza kuanguka anaposimama.

*Asubuhi au usiku?* Saa yoyote usiyoisahau. Utafiti mkubwa wa Uingereza, TIME, wa mwaka 2022, haukuona tofauti ya kiharusi wala mshtuko wa moyo. Dawa ya kukojoza tu ndiyo bora asubuhi, usije ukakesha chooni. Ukisahau dozi ya mara moja kwa siku, imeze ukikumbuka siku hiyohiyo. Ukikumbuka kesho yake, endelea na ya kesho, usimeze mbili.